Kipimo cha Nyumba ya Orrin Wentzell

Roselle Hirtle alimaliza kupima madirisha ya mbele mnamo saa nne asubuhi, akaja jikoni, akaketi bila kuambiwa mara mbili na kufungua daftari lake. Marehemu baba yake aliwahi kushusha samaki bandarini pamoja na Orrin Wentzell, na kwa ajili hiyo Orrin alimmiminia chai katika kikombe ambacho mkono wake ulikuwa haujavunjika.

"Sasa maswali, mzee," alisema Roselle. "Ukinijibu kombo, na mashine itakuja kombo."

"Uliza. Miaka thelathini na moja nimetunza majokofu ya kiwanda cha samaki. Mimi si mtu wa kubabaishwa na kiyoyozi cha kupasha nyumba joto."

"Sijaja kukubabaisha. Nataka kujua habari za kuni."

Mtu wa tatu pale mezani alicheka huku mdomo umejaa mkate. Huyo alikuwa Clyde Corkum, kaka yake Verna, mke wa Orrin. Clyde alikuwa mgane. Kwa miaka sita alikuwa akila kwa dada yake, na hata sasa Verna alipolazwa hospitali hakuona sababu ya kubadili utaratibu. Alikuja na bakuli lake la samaki wa siki na vitunguu, akavuta kiti chake kilekile.

"Mtajie tu hesabu, shemeji," alisema. "Ukisahau, muulize mgongo wangu. Mimi ndiye ninayezipasua."

"Pikapu sita," Orrin alisema. "Tangu Novemba mpaka Aprili."

Roselle akaandika. "Hizo ni kwa nyumba nzima?"

Aliuliza akiwa ameinamia daftari, kwa sauti ya mtu anayejaza fomu. Orrin alimtupia jicho Clyde. Clyde ghafla alikuwa na mwiba wa kutafuta katika samaki wake.

"Nyumba nzima," Orrin alisema. "Vyumba saba. Juu na chini."

Haikuwa kweli. Kila mwaka, wiki ya kwanza ya Novemba, Orrin na Verna walihamia jikoni. Walibeba kitanda wakakiweka katika chumba kidogo cha kando, kilichokuwa ghala la vyakula zamani za mama yake Orrin. Walipigilia blanketi la jeshi chini ya ngazi, wakasokomeza matambara chini ya mlango wa sebule, na vyumba vitano vilivyobaki vikaachiwa baridi hadi Pasaka. Pwani nzima ile, nyumba za mbao za zamani ziliishi hivyohivyo, na hapana aliyelisema. Kila jioni watu waliwasha taa za sebule zao zenye kuganda, ili mpita njia aone nyumba inakaliwa yote, kisha wakarudi jikoni kukaa na makoti yao. Asubuhi ile, kabla Roselle hajafika, Orrin alikuwa ameuficha mfuko wa matambara chini ya kitanda, ingawa ilikuwa Oktoba tu na ukungu wa baharini ulikuwa vuguvugu.

Jambo lililomleta Roselle halikuwa anasa. Mapafu ya Verna yalikuwa yameharibika. Hospitali ilikuwa tayari kumruhusu tarehe kumi na mbili Desemba, lakini angerudi na mtungi wa oksijeni, na pale penye oksijeni hairuhusiwi kuwasha jiko la kuni. Muuguzi wa wilaya alikuwa ametoa masharti mawili. Moto wa kuni uzimwe kabisa, na chumba atakacholala Verna pamoja na njia ya kwenda chooni visipungue nyuzi ishirini na moja, hata siku ya baridi kuliko zote. Muuguzi angekuja na kipimajoto chake tarehe kumi. Akikuta pungufu, Verna angepelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mwendo wa saa tatu kwa gari, na wanaopelekwa huko si wa kurudi.

Roselle alipiga hesabu kimya kimya, akakuna shavu kwa kalamu.

"Kuna kitu hakikai sawa," alisema. "Nikihesabu kuta, madirisha na dari, nyumba hii inapoteza joto la kilowati kumi na moja siku ya baridi kali. Lakini kuni unazonitajia ni za kilowati sita tu. Labda kuta zina kitu ndani nisichokiona."

"Nyasi za bahari," Orrin alisema haraka. "Babu alizikausha juani, akazishindilia humo."

"Kuta zote?"

"Njoo uone."

Akamwongoza kwenye ukuta wa jikoni, akafungua mwenyewe kifuniko cha soketi. Roselle alipenyeza koleo nyembamba, akavuta kishungi cha nyasi kavu, nyeusi, kisichokuwa hata na harufu ya uvundo. Alifurahi kama mtu aliyeokota sarafu ya zamani.

"Basi ndiyo maana. Kuta ninazikisia tu, lakini kuni ni ushahidi. Tutaleta ya kilowati sita."

Orrin alijua kwamba babu yake alifariki kabla ya kuufikia upande wa mbele, na kwamba kuta za sebule zilikuwa tupu kama ngoma. Alirudishia kifuniko, akakaza skrubu.

"Kwani si mchukue kubwa tu yaishe?" Clyde aliuliza. "Mtu hanunui koti linalombana."

"Mashine siyo koti, mjomba," Roselle alisema. "Hapa kwetu siku nyingi za baridi zinacheza karibu na sifuri tu, mvua na ukungu. Ukiweka kubwa mno itawaka dakika tano, izime, iwake tena, izime. Itajiua. Na kiangazi itapoza hewa upesi kabla haijakausha unyevu, mkae humo kama samaki ndani ya barafu."

"Ni kweli," Orrin alisema. "Mwaka ule meneja alituletea kompresa ya kujivunia, kubwa kuliko ukumbi wenyewe. Haikumaliza misimu miwili."

Alisema hivyo kwa fahari, na Roselle alimtazama kwa heshima ya mtu wa kazi kwa mtu wa kazi. Orrin akaipokea heshima ile, akanyamaza nayo.

* * *

Mashine ilifungwa katikati ya Novemba. Sanduku kubwa lilikaa nje ukutani, likichota joto kutoka katika hewa ya baridi, na matundu yake mawili yalilipuliza ndani, moja jikoni na moja sebuleni. Orrin alikuwa amesisitiza lile la sebuleni. Alikishusha kitanda kikubwa kutoka juu, akakiweka mbele ya dirisha linalotazama ghuba, akatandika shuka za harusi ya mtoto wao ambazo hazijawahi kulaliwa. Nje kulikuwa na nyuzi tano. Ndani, sebuleni, kipimajoto kilisoma ishirini na mbili. Alivua koti, akakaa kwenye ukingo wa kitanda peke yake, akiwa na shati tu, katikati ya Novemba. Hakukumbuka kama aliwahi kufanya hivyo, hata utotoni.

Alikwenda hospitali akiwa amechana nywele.

"Utalala sebuleni," alimwambia Verna. "Ukiamka, unaona mashua zinavyotoka."

Verna alikuwa na mrija puani na aliongea kwa vipande vifupi. "Sebuleni? Desemba?"

"Nyuzi ishirini na mbili. Nimekaa na shati."

"Nje palikuwaje?"

"Nje pa kawaida."

Verna alimtazama. Walikuwa wameoana miaka arobaini na sita, na mara nyingi alikuwa akimuuliza swali kwa kukaa kimya.

"Yule binti wa Hirtle," alisema mwishowe. "Alikuuliza tunavyoishi?"

"Aliuliza kuni."

"Nawe ukamjibuje?"

"Pikapu sita. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli." Alivuta pumzi, akasubiri iingie. "Orrin. Mimi ndiye nitakayelala ndani ya majibu yako."

Muuguzi aliingia na trei ya dawa, na Orrin akashukuru kimoyomoyo. Njiani kurudi alijisemea kwamba mwanamke akilazwa muda mrefu huanza kuona ubaya kila mahali.

* * *

Tarehe nane Desemba upepo uligeuka, ukaja kutoka kaskazini, mkavu. Asubuhi nje kulikuwa na nyuzi kumi na nne chini ya sifuri na bahari ilifuka mvuke wa baridi. Mashine ililia bila kupumzika. Sebuleni kipimajoto kilisoma kumi na tisa. Saa tatu kilisoma kumi na saba. Orrin aliweka mkono kwenye tundu, na hewa ilikuwa inatoka ya moto, haina kosa lolote. Ilifika katikati ya chumba ikafa. Saa tano kipimajoto kilisoma kumi na tano na nusu.

Alimpigia Roselle simu, naye akafika kabla ya saa sita, amejifunga shali hadi puani. Alikagua sanduku la nje akipiga magoti kwenye theluji. Alipima shinikizo, akapima joto la mabomba, akaingia, akatoka, akaingia tena. Kisha alikaa jikoni na daftari lake, akaanza kurudia hesabu tangu mwanzo, mstari kwa mstari, akitembeza kidole. Clyde alikuwa kwenye kiti chake.

"Mashine ni nzima," Roselle alisema. "Inatoa kila inachoweza kutoa. Kwa hiyo kosa ni langu. Mahali fulani nimepima vibaya."

"Labda ni upepo," Orrin alisema.

"Upepo niliuhesabu."

Simu yake ililia. Alikwenda kusimama karibu na sinki, akawapa mgongo. Jiko lile lilikuwa dogo na bosi wake alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongea kwenye kelele za mashine, kwa hiyo walisikia karibu yote. Alimuuliza kama anajua maana ya kupima. Alimuuliza kama shuleni walimfundisha kujumlisha. Akamwambia kwamba wateja wawili tayari walikuwa wametaka aje fundi mwanamume, naye amewakatalia, na sasa atawaambia nini.

"Ndiyo," Roselle alikuwa anasema. "Ndiyo, bosi. Nitaikokotoa tena. Hapana, sijui. Ndiyo."

Alipogeuka macho yalikuwa makavu lakini masikio yamewiva. Akaketi, akageuza ukurasa, akaweka kidole juu ya mstari wa kwanza.

Clyde alikohoa. "Shemeji," alisema taratibu, "mimi nilinyamaza kwa heshima ya dada yangu. Leo heshima hiyo inaniwasha."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Ndiyo tabu yenyewe."

Orrin alisimama. Alikwenda mlango wa ngazi, akarudi, akasimama nyuma ya kiti chake akikishika kwa mikono miwili. Keshokutwa muuguzi angekuja. Kama akisema, binti huyu atajua, na bosi wake atajua, na dukani watajua, na muuguzi ataandika katika karatasi za serikali kwamba Orrin Wentzell, fundi mkuu wa majokofu, amemlaza mkewe ghalani miaka yote hii. Kama asiposema, Verna atakwenda huko anakokwenda, na binti wa Hirtle ataendelea kutafuta kosa mahali ambapo halipo.

"Usihesabu tena, mwanangu," alisema. "Hutalipata humo."

Roselle alinyanyua uso.

"Kuni pikapu sita ni kweli. Lakini si za nyumba nzima. Ni za hapa tulipokaa na kile chumba pale. Huku mbele hatuishi. Huku mbele tunawasha taa tu. Na nyasi ziko jikoni peke yake. Nilikuonyesha ukuta niliotaka uuone."

Mashine iliendelea kulia ukutani. Roselle alilifunga daftari, akakaa akiliangalia gamba lake.

"Mzee, ungeniambia," alisema.

"Ningekuambia nini? Kwamba tunalala na kofia?"

"Bibi yangu mzaa baba alikuwa analala na kofia. Na glavu." Hakucheka. "Kwetu taa ya sebule alikuwa anaiwasha mama, saa kumi na moja jioni kamili. Mimi mdogo nilidhani sebule zote duniani ni za baridi. Nilipokuuliza kama ni nyumba nzima, niliinama kwa makusudi. Ningekutazama usoni ungenijibu kweli, nami ningekuaibisha mbele ya mgeni wako. Kwa hiyo niliinama, nikaandika."

"Mimi si mgeni," Clyde alisema. "Nina kiti."

Safari hii Roselle alicheka kidogo, kisha akafungua ukurasa mpya. Aliandika dakika kama kumi. Orrin alisimama vilevile, kama mtu anayesubiri daktari amalize kusoma picha ya mapafu.

"Kuipasha joto nyumba yote hii," Roselle alisema, "unahitaji mashine mara mbili ya hii, na kuta zijazwe kwanza. Hiyo ni kazi ya kiangazi, na fedha zake unazijua. Kwa keshokutwa haiwezekani." Aligeuza daftari ili aone. "Lakini tazama hapa. Jiko, chumba cha kando, choo. Baridi ya kumi na nane chini ya sifuri. Kilowati tano na nusu. Mashine haijakosea, mzee. Imekuja sawasawa na nyumba mnayoishi. Ni wewe uliyeifunga kwenye nyumba nyingine."

Orrin alisoma tarakimu zile mara mbili. Zilikuwa zimepangwa vizuri, hata yeye asingezipanga vizuri zaidi.

"Tundu la sebuleni?"

"Nitalihamishia chumba cha kando. Leo, kama mkinisaidia. Lakini hapa chini ya ngazi nataka ukuta wa kweli, wenye mlango na pamba ya kuzuia baridi. Sitaki kuona blanketi."

"Mbao ninazo," Clyde alisema, na tayari alikuwa anavaa buti.

* * *

Walijenga siku mbili. Clyde alishika mbao na kutoa maoni, Orrin alipigilia. Kitanda kikubwa walikirudisha juu vipande vipande, na shuka za harusi zikarudi kwenye karatasi yake. Jioni ya pili Orrin alipita sebuleni kufunga mabomba ya maji, pumzi yake ikimtoka nyeupe, akasimama kidogo dirishani. Upande wa pili wa ghuba taa zilikuwa zimewaka katika kila nyumba, madirisha ya mbele yote yana mwanga wa manjano. Alizitazama. Kisha akafunga mlango mpya nyuma yake, na sebule yake ikabaki giza.

Barua kwa bosi wa Roselle aliiandika mezani kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko aliojifunza katika masomo ya jioni akiwa na umri wa miaka arobaini. Aliandika kwamba fundi alipima kila kitu kama ipasavyo, kwamba mwenye nyumba ndiye aliyetoa habari za uongo kuhusu vyumba vinavyokaliwa, na kwamba sababu ya uongo huo ilikuwa aibu. Neno la mwisho alilifikiria muda mrefu. Alijaribu "kutoelewana", akaona si kweli. Akaliacha lile la aibu palepale. Aliipeleka mwenyewe dukani kwa bosi. Bosi aliisoma akiwa amesimama, midomo ikitembea, mbele ya watu wawili waliokuwa wakichagua mabomba. Kisha alimtazama Orrin, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mama yangu naye," alisema kwa sauti ndogo kuliko ile ya simu, halafu akaingia ndani bila kumaliza.

Muuguzi alikuja tarehe kumi na kipimajoto chake. Nje kulikuwa na nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Alikitundika katika chumba cha kando, akanywa chai, akaangalia saa yake.

"Ni hapa atakapolala?" aliuliza. "Hakuna chumba kikubwa zaidi?"

"Kipo," Orrin alisema. "Kina baridi. Nyumba hii tunakaa vyumba viwili. Tumekaa hivyo miaka mingi."

Muuguzi aliandika, naye Orrin akaitazama kalamu ikiandika. Kipimajoto kilisoma ishirini na mbili kasoro kidogo.

Tarehe kumi na mbili gari la hospitali lilimleta Verna mchana. Clyde alibeba mtungi kama anayebeba mtoto wa watu. Orrin alimshika mkewe kiwiko, wakapanda ngazi tatu za mlango wa nyuma, wakipumzika kila moja. Ndani, Verna alisimama katikati ya jiko, akatazama ukuta mpya chini ya ngazi, akatazama mlango wake, mbao bado nyeupe, akatazama kitanda kidogo ndani ya chumba cha kando.

"Ulimwambia," alisema.

"Nilimwambia."

Verna alikaa. Pumzi yake ilitafuta mahali pake, na mashine ikazima yenyewe, ikatulia. Kisha alianza kufungua vifungo vya koti. Orrin alilipokea. Verna akavuta sweta ya juu, polepole, mrija usinase, akampa. Halafu ile ya pili.

"Taratibu, dada," Clyde alisema akigeukia dirisha. "Kuna wanaume humu."

"Angalia nje basi," Verna alisema. "Nina joto."

Orrin alisimama na koti na sweta mbili mikononi, akitafuta pa kuzitundika. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Katika jiko lile, tangu walipooana, hakuna mtu aliyewahi kuvua nguo zake za baridi wakati wa baridi, na hakuna aliyewahi kufikiria zitawekwa wapi. Akachukua nyundo.